Kete ya kifuu

Katika mfuko wa herufi za Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza ubaoni, mjomba wangu alikuwa na kete 99 za mbao na moja ya kifuu cha nazi. Q ya asili ilikuwa imepotea kabla sijazaliwa. Mjomba alikata kipande cha kifuu, akakisugua sakafuni mpaka kikawa cha mraba, akachora Q kwa kalamu ya wino na 10 ndogo, alama zake, kwenye pembe. Kila wino ulipofifia aliupitia upya. Kwa macho ilifanana na wenzake vya kutosha, ila kwa kidole ilijitangaza: laini upande mmoja, upande wa pili una mikwaruzo, na nyepesi. Ukitia mkono mfukoni unaijua kabla hujaitoa.

Mjomba alikuwa baharia. Ile Scrabble aliinunua Liverpool, ikazunguka naye melini miaka mingi, na alipoacha bahari akaja nayo nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Alasiri wazee wenzake walikaa barazani wakipiga dhumna kwa kishindo. Yeye alipanda ghorofani, akafungua dirisha linalotazama upande wa Msikiti wa Mandhry, akaniita: "Njoo, mwanangu, tucheze maneno." Nilikuwa na miaka tisa na Kiingereza changu kilikuwa cha darasani tu.

Kwa ajili ya ile kete ya kifuu aliweka sheria moja: ukiigusa ni yako. Huruhusiwi kuipapasa ukaisogeza kando. Na nani angejua kama umeigusa? Hakuna. Mjomba alituachia sisi wenyewe. Miaka kadhaa niliivunja sheria hiyo. Nilijua Q bila U haina kazi, na U ziko nne tu katika kete zote 100, basi kidole changu kikikutana na kifuu kiliteleza taratibu kwenda kwingine. Mjomba hakunisema hata siku moja. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba yeye alikuwa akiitoa karibu kila mchezo, na mwisho wa mchezo anahesabiwa alama 10 zimpungukie kwa sababu imembaki mkononi.

Jambo la kwanza nililojifunza kwake lilihusu hesabu kuliko maneno. Niliuliza kwa nini K iko moja tu na ina alama 5, wakati kwetu sisi huwezi kusema sentensi bila K. Akanieleza habari za Alfred Butts, Mmarekani msanifu majengo aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Butts alikaa akahesabu herufi katika kurasa za magazeti ya Kiingereza ili ajue kila herufi inastahili kuwekwa mara ngapi. Ndiyo maana E ziko 12, na Q, Z, X na J ziko moja moja. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, kupitia mwenzake James Brunot. Jumapili moja mimi na mjomba tukachukua ukurasa wa gazeti la Kiswahili, tukatandika mkeka, tukawa tunaweka punje ya maharagwe kwa kila herufi. Fungu la A lilifunika mengine. K na W zilikuwa na vilima vyao. Q na X hazikupata hata punje moja. Nilipolitazama lile fungu la A nikaelewa kwa nini mkono wangu ulikuwa unanidanganya kwenye ubao: nilikuwa natafuta maneno ya Kiingereza kwa sikio lililolelewa na maharagwe yale.

Nieleze ninamaanisha nini. Mtoto wa Kiswahili akipewa herufi huzipanga kwa silabi zinazoishia irabu. Ndivyo tulivyofundishwa kusoma: ba, be, bi, bo, bu. Mimi nikipata R, A, T, I, N, E naona *ra-ti-ne*, *ta-ri-ne*, *ni-te-ra*, na yote yanatamkika vizuri na hakuna hata moja nililowahi kulisikia. Kiingereza hupenda kufunga mlango: neno huishia *ght*, *nch*, *rst*, *lms*. Kina neno kama *strengths*, herufi 9 na irabu moja peke yake katikati. Kina *catchphrase*, ambamo konsonanti sita zimefuatana bila hata irabu moja kupita. Kinywa changu kililikataa neno la namna hiyo hata kabla jicho halijaliona. Nilichofanya, na nilikifanya kwa miezi, ni kuacha kutamka. Nilizipanga konsonanti kwanza, mbilimbili na tatutatu, kama mtu anayepanga kuni kabla ya kuwasha moto. T na C na H pamoja. G, H, T pamoja. S, T, R pamoja. Irabu niliziweka pembeni mpaka zihitajike.

Hapo sasa nije kwenye ule mraba wa gazetini, maana ndio ulionifunza kweli.

Gazeti la Kiingereza alilonunua mjomba lilikuwa na fumbo la herufi tisa, tatu kwa tatu ndani ya mraba. Unatakiwa kuunda maneno ya herufi nne au zaidi, kila neno lazima liwe na ile herufi ya katikati, na kuna angalau neno moja linalotumia zote tisa. Siku ninayoikumbuka herufi zilikuwa A, E, G, H, I, N, R, T, na katikati M. Mjomba alikuwa na homa, amelala, akaniambia, "Lile refu nitafutie wewe."

Maneno mafupi yalikuja haraka. Kisha *garment*, vazi. Kisha *migrate*, na nilipozivuruga herufi zilezile saba nikapata *ragtime*, ambalo nililisikia redioni likitajwa kuwa ni muziki na sikujua zaidi. Kisha nikainua kichwa nipumzishe macho, nikaona mnara wa msikiti kupitia dirishani, na neno likaja lenyewe: *minaret*. Herufi saba, na M imo. Nililipenda mno neno hilo kwa sababu lilikuwa ni mnara wetu huuhuu, limetoka katika Kiarabu kilekile tulikotolea sisi, likapita kwa watu wengine njiani likabadilika sura, nami nimelikuta upande wa pili. Saa moja baadaye nikapata *emigrant*, anayehama nchi yake, herufi nane. Imebaki H peke yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliitembeza H kila mahali. Niliiweka mbele, niliiweka nyuma, niliifuatisha na T, nikaitia baada ya G. Na kila mara, kabla ya yote, nilikuwa nazitoa I, N na G na kuziweka kulia, kwa sababu mwalimu wa shule alitufundisha kwamba Kiingereza kina *-ing* na mimi nilishaona jinsi mwisho huo unavyozaa maneno. Kwa njia hiyo nikapata *earthing*, nalo ni la herufi nane, lakini halina M, kwa hiyo halihesabiki. Nilikuwa na mawili ya herufi nane: moja limekosa H, jingine limekosa M.

Asubuhi mama aliniambia nichukue maji nimpelekee mjomba dawa. Nilikaa kitandani pake na kile kikaratasi. Nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya usiku kucha: nikaivunja *-ing*. Nikaichukua ile G nikaipa H na T, kama nilivyozoea kupanga kuni zangu. GHT. Zilizobaki zilikuwa N, I, M, A, R, E. N na I zikasogea zenyewe mbele ya GHT. *Night*. Nikatazama M, A, R, E zilizobaki, nikapiga kelele mpaka mjomba akaamka: *nightmare*. Jinamizi. Alicheka huku anakohoa, akasema, "Ndilo lililokuwa juu yangu tangu jana."

Tangu siku ile, nikikwama, swali langu la kwanza ni hili: ni herufi zipi ambazo nimezifunga pamoja bila kuambiwa? Karibu kila mara lipo fungu. Huwa ni *-ing*, au *-tion*, au *re-* mwanzoni, au *-er* mwishoni. Viambishi hivi ni rafiki wa kweli na havikosi kusaidia, lakini ukivipa kiti cha kudumu vinazuia wengine kukaa. Nawaona wachezaji wazuri kabisa wakipoteza dakika tatu kwa sababu ya *-ing* ambayo haikuwepo.

Lakini viambishi hivyo hivyo, sisi tunaosema Kiswahili tunavijua ndani ya damu. Watu huogopa maneno marefu ya Kiingereza kana kwamba ni mawe ya kipande kimoja. Mjomba alinionyesha *antidisestablishmentarianism*, herufi 28, neno la mabishano ya Uingereza ya karne ya 19 kuhusu kulitenganisha au kutolitenganisha kanisa la Anglikana na dola. Akaniambia nilikate kama ninavyokata sentensi ya nyumbani. *Anti*, *dis*, *establish*, *ment*, *arian*, *ism*. Vipande sita. Kisha akaniuliza, "Na wewe ukisema *hatukuwaandikishia*, una vipande vingapi?" Nikahesabu kwa vidole: ha, tu, ku, wa, andik, ish, i, a. Vinane. Mtoto wa miaka sita wa pwani husema neno la vipande vinane akiwa anakula ubuyu, halafu shuleni anaambiwa Kiingereza kina maneno magumu kwa sababu ni marefu. Urefu kwetu ni jambo la kila siku. Tofauti ni upande wa kukulia tu: neno letu huongezewa sana mbele, la Kiingereza huongezewa sana mkiani. Nilipolielewa hilo nikawa natazama kulia kwa neno kwanza, kisha ndipo niangalie kama kuna *un-*, *out-* au *over-* kushoto.

Yale maneno yaliyotungwa makusudi ili yawe marefu sikuyapenda na mpaka leo siyapendi. Lipo moja la herufi 45, *pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis*, ugonjwa wa mapafu kwa vumbi laini la volkano. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani. Ni kazi ya ufundi, sikatai. Ila halikuzaliwa na mtu aliyekuwa na haja ya kusema kitu.

Mjomba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Sanduku likawa langu. Nilipofika chuo Nairobi nilikuta watu wanaocheza kwa saa ya mezani, dakika 25 kila mmoja, na nikajua kwamba mimi na mjomba tulikuwa tumefika nusu ya njia tu. Wao walikuwa na *mashina*, yaani herufi sita zinazokubali karibu kila herufi ya saba. Niliyoipenda ni RETINA, zile zile sita zangu za *ra-ti-ne*. Nikaandika karatasi nikaibandika jikoni juu ya jiko, niwe naisoma nikikaanga mahamri. RETINA na K ni *keratin*. Na G ni *granite*. Na D ni *trained*, na C ni *certain*, na P ni *painter*, na H ni *hairnet*, na F ni *fainter*, na T ni *nitrate*. Na M, bila shaka, mnara wangu. Anayetumia kete zake zote saba kwa mpigo hupewa alama 50 za ziada, kwa hiyo karatasi ile yenye mafuta ilinishindia michezo mingi kuliko kamusi.

Mashindano yangu ya kwanza nilishindwa kwa neno ambalo nalijua tangu utotoni. Ilikuwa raundi ya mwisho, nina W, A, K, F na U, na mahali pazuri kwenye ubao. Nikaweka WAKFU. Nilikuwa na hakika. Kiwanja cha msikiti wetu ni wakfu, kisima cha mtaa ni wakfu, na niliwahi kuona neno hilo kwenye maandishi ya Kiingereza. Mpinzani akapinga, mwamuzi akatazama, neno likaondolewa, zamu yangu ikapotea. Nilitoka pale nimekasirika sana, na usiku nikafungua kamusi ya mashindano, ile ya Collins inayotumika sehemu nyingi za dunia nje ya Marekani ya Kaskazini, yenye maneno zaidi ya 270,000. Nikakuta WAKF. Chini yake kidogo nikakuta WAQF.

Kiingereza kimelichukua lile neno kutoka Kiarabu kama lilivyo, limefungwa mlango. Ile U nimeitia mimi, kwa kinywa changu cha pwani, kama nilivyoitia irabu kila mahali tangu utotoni. Hasira iliisha palepale, kwa sababu jicho lilibaki kwenye Q. Q haina U pembeni yake, na neno ni halali.

Nikaketi mpaka adhana ya alfajiri nikitafuta nyingine. QADI, ambaye kwetu ni kadhi. TALAQ, talaka. FAQIR, fakiri. NIQAB. TARIQA, tarika. QIBLA, upande tunaoelekea tukisali. QASIDA, kasida tunazoimba Maulidi. Kila nililolipata nilikuwa nalijua. Wachezaji wenzangu waliyahifadhi maneno haya kama namba za simu, herufi tupu zisizo na mtu ndani, na mimi niliyasoma chuoni kwa maalim nikiwa na miaka mitano, nimekalia jamvi. Na ile Q ya kifuu niliyoikimbia miaka yote, nikidhani inahitaji U ili iishi, ilikuwa herufi ya nyumbani kwetu kuliko zote. Nililia kidogo, kwa ajili ya mjomba na zile alama zake 10 za kila mchezo.

Najua hoja ya upande wa pili. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa naye hasemi Kifaransa, alizikariri herufi. Mwaka huohuo Mnijeria Wellington Jighere alitwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na nilishangilia kama ni ndugu yangu wa kuzaliwa. Basi maana ya neno si lazima kwa ushindi. Kwangu mimi ni lazima kwa kumbukumbu. Neno nisilolijua hunitoka baada ya wiki. WAQF halitanitoka.

Siku hizi kompyuta inatafuta kwa sekunde. Kazini nina faili la maneno lililotokana na kamusi ya Webster ya mwaka 1934, kama maneno 235,000, na programu ya grep, ambayo Ken Thompson aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unaiambia: niletee kila neno lenye a, kisha e, kisha i, kisha o, kisha u, kwa mpangilio huo. Hujapepesa jicho limekuletea *facetious*, mwenye mzaha usio mahali pake, na *abstemious*, mwenye kujizuia kula na kunywa. Binti yangu aliposikia mpangilio ule alisema, "Mama, hayo yanasoma a-e-i-o-u kama darasa la kwanza!" Nikamwambia hata letu lipo lenye irabu zote tano, *tulichowaelekeza*, ila la kwetu hazikupanga foleni. Amekuwa akitafuta la Kiswahili lenye kuzipanga tangu siku hiyo. Sijamsaidia, na grep nimemnyima.

Ijumaa iliyopita baada ya chakula tulicheza, kwa mfuko uleule. Wino wa kete ya kifuu nilikuwa nimeupitia upya asubuhi. Zamu yake ya kuchota ilipofika nikaona mkono umesimama ndani ya mfuko. Aliniangalia. Sikusema kitu, na sheria ya mjomba nilikuwa nimemweleza mara moja tu, zamani. Akaitoa, akaiweka kwenye kibao chake mbele ya macho yangu. Alikaa kimya muda mrefu, midomo ikichezacheza. Halafu akaziteremsha moja moja kutoka kwenye F iliyokuwa tayari ubaoni: A, Q, I, R. Akalisoma kwa sauti, na ile qafu, Q ya Kiarabu, akaitoa kooni kabisa, kama maalim wake anavyomtaka.